Mlango wa Nabweyo

Usiwaone akina mama wa chai wakicheka pamoja barabarani ukadhani ni watu wa kukubaliana upesi. Siku ile pale Litein, nyuma ya duka la Eucabeth la omena, wale dagaa wa ziwani, na sabuni, walikaa kwenye viti vya plastiki tangu umande ulipokauka mpaka mvua ya alasiri ikaanza kugonga mabati, na jambo lenyewe lilikuwa moja tu: ni majumba gani ya wafalme waende kuyaona Uganda, na ni yapi wayaache.

Bonasi ya chai ilikuwa imeingia vizuri mwaka huo. Badala ya kununuliana masufuria kama kawaida, chama chao cha akina mama kiliamua kusafiri. Wazo lilikuwa la mwenyekiti, Chepngetich, mama wa kifua kipana na maneno makali, aliyeona sherehe za mfalme wa Buganda kwenye televisheni akakosa usingizi. "Sisi Wakipsigis hatujawahi kuwa na mfalme," aliwaambia. "Hapa kila mzee ni mfalme wa ng'ombe wake. Mimi nataka nione mtu anayeitwa mfalme kweli kweli analala wapi." Wakacheka, wakakubali. Shida ilikuwa ruhusa ya nyumbani. Waliruhusiwa Ijumaa mpaka Jumapili, basi, kwa sababu ng'ombe hakamuliwi kwa simu na chai haimngoji mtu aliyeenda kutalii.

Chepngetich alikuwa amejaza simu yake picha. Alitaka Lubiri, jumba la mfalme kule Mengo, alitaka makaburi ya wafalme kule Kasubi, alitaka Hoima, alitaka lile jumba la duara juu ya kilima cha Fort Portal. "Halafu Mbarara tukirudi," akamalizia.

"Tukirudi wapi?" aliuliza Omollo, dereva waliyemkodi, ambaye zamani alikuwa akipeleka samaki mpaka Jinja. "Mama, Mbarara si njia ya kurudi Litein. Hiyo ni njia ya kwenda Rwanda."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Chepngetich mwenyewe alicheka, maana ana mdomo lakini hana roho ya kununa. Rodah peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na magunia ya chumvi, mikono mapajani, akingoja kelele zitulie. Alikuwa amengoja siku hiyo kwa miaka mingi.

"Mimi naomba twende Nabweyo," alisema.

Wale waliozaliwa hapo walitazamana. Eucabeth, ambaye watu wake ni wa kando ya ziwa na alikuja Litein na mume aliyefanya kazi kiwandani, akauliza, "Nabweyo ni wapi tena? Kuna mfalme gani huko?"

Chepngetich alipumua kwa nguvu. "Woi, Rodah. Hata leo?"

Haya, wewe usiyejua, sikiliza. Baba yake Rodah alikuwa fundi seremala, mzee Kipkosgei. Akiwa kijana alitoka Litein akaenda Uganda kutafuta kazi, akakaa huko mpaka mwaka ambao wafalme wa kule walifutwa. Akarudi na sanduku la patasi na hadithi. Alisema amemjengea mfalme milango, mfalme mdogo wa upande wa Busoga, mahali panapoitwa Nabweyo, ukivuka daraja la Jinja kuja huku. Watu wakamuuliza mfalme ni mtu gani huyo, wa kutengenezewa mlango na mtu wa Litein? Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kipkurui, babake Chepngetich. Swali likawa kicheko, kicheko kikawa jina. Kipkosgei aliitwa Mlango mpaka siku alipozikwa. Rodah alipokuwa shule aliitwa Mtoto wa Mlango. Hata alipoposwa, kuna mjomba wa bwana harusi aliyeuliza familia hiyo husema kweli siku gani.

Baba yake aliacha kueleza. Hilo ndilo lililomuuma Rodah kuliko vicheko vyote. Mtu aliyejua kazi yake, mtu aliyekuwa akipiga mbao kwa kidole na kukuambia ilikatwa kiangazi au masika, alifika mahali akawa ananyamaza hata mjukuu akimuuliza. Alikufa amenyamaza.

"Omollo anapajua Nabweyo," Rodah alisema. "Anasema jumba bado lipo. Hajaingia, lakini lipo."

"Lipo, nimepita hapo," Omollo alikubali. "Limezeeka tu."

"Na sisi tuache Fort Portal kwa ajili ya jumba limezeeka?" Chepngetich alitupa simu mapajani. "Rodah, mimi nakupenda, lakini njia ya mwongo ni fupi. Ya baba yako iliishia hapa hapa Litein. Usitupitishe huko tena."

Rodah alisimama. "Baba yangu hakuwa mwongo," alisema. Alikuwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, na maneno hayo hakuwahi kuyatamka mbele za watu hata mara moja.

Sasa, ingekuwa chama kingine wangeinua mikono na jambo likaisha. Lakini hawa huamua kama kokwet, baraza la majirani la wazee wao: hakuna kura. Kura humwacha mtu ameshindwa, na aliyeshindwa hurudi nyumbani na kinyongo chini ya kitambaa. Mnaongea mpaka wa mwisho anyamaze kwa hiari yake. Ndiyo maana wakafika alasiri. Mmoja alisema Hoima ni mbali. Mwingine alisema akikosa Fort Portal mumewe atamcheka. Mwingine alitaka tu kujua kama kwa wafalme kuna choo.

Aliyekata shauri alikuwa Eucabeth, na aliongea huku akimpimia mteja omena.

"Nyinyi ndio mlinifundisha kuchuma chai," alisema. "Mliniambia nini? Majani mawili na chipukizi. Nilipojaza kikapu na makuukuu ili kionekane kizito, yule karani wa kituo cha kupokea chai aliyamwaga yote chini, nikarudi nyumbani nalia. Sasa nyinyi mnataka kujaza siku tatu na makuukuu! Tutaona nini? Tutaona vioo vya gari. Tuchukue majani mawili, Mengo na Kasubi, yote yako Kampala. Na chipukizi ni hako kadogo ka Rodah, kwa sababu kako njiani tukirudi."

Hapo hata waliotaka Hoima waliitikia kwa kichwa, maana mtu hupingana na mwenyekiti lakini hapingani na kikapu. Macho yakamgeukia Chepngetich, kwa kuwa yeye tu alikuwa hajanyamaza.

"Nitakubali," alisema polepole. "Lakini haiwezi kuwa bure. Kama tutafika huko na hakuna mlango, Rodah, Jumapili inayofuata utasimama kanisani useme baba yako alidanganya, tumalize hii maneno. Na kama mlango uko, mimi ndiye nitasimama, na nitamsema babangu. Babangu yuko hai, ana miaka tisini, na nitamsema."

"Chepngetich!" Eucabeth aliita.

"Acha," Rodah alisema. "Nimekubali."

Alivuka barabara kwenda kwake moyo ukimpiga kama wa mtu aliyeuza shamba bila kumwambia mume. Asubuhi iliyofuata aliingia katikati ya michai yake akachuma bila kuona anachuma nini. Hofu ilimjia humo humo, kati ya mistari. Je, kama ni uongo? Baba hakuwahi kuleta picha. Hakuwahi kutaja jina la mfalme. Watoto hupenda baba zao na mapenzi si ushahidi. Angesimamaje kanisani? Angeanza na neno gani? Alikasirika, akajikasirikia kwa kukubali, kisha akamkasirikia hata marehemu kwa kunyamaza kwake. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa analia, na kikapu kilikuwa kimejaa majani ambayo karani asingeyapokea.

Ijumaa waliondoka na giza la alfajiri, wakashuka mpaka joto la bondeni Soin likawafanya wavue sweta, wakavuka mpaka wa Busia na vitambulisho vyao mkononi. Siwezi kukudanganya: Kampala iliwafurahisha. Kwenye Lubiri ya Mengo walitembea na kiongozi mmoja mpole, na Chepngetich alimuuliza maswali mpaka kijana wa watu akaomba maji. Kule Kasubi walisimama chini ya lile paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, wakainua vichwa wote. Mama mmoja alinong'ona, "Hii imeezekwa na watu wanaojua nyasi," na hiyo ilikuwa sifa kubwa, kwa maana nyumba za mama zao ziliezekwa vilevile na walijua jasho lake. Waliona kila kitu taratibu. Hakuna aliyeulizia Fort Portal tena.

Rodah aliona pia, lakini alikuwa kama mtu anayekula akingoja kuitwa.

Jumapili asubuhi, baada ya ibada fupi waliyoifanya wenyewe uani mwa nyumba ya wageni, Omollo aliacha lami akaingia njia ya vumbi kati ya migomba. Jumba la Nabweyo lilikuwa juu ya mwinuko mdogo. Vigae vyekundu, nguzo nne, rangi imebanduka, na mbuzi wawili kwenye ngazi. Na milango ilikuwa ya chuma. Ya chuma, mipya, imepakwa bluu, ina kufuli.

Bibi kizee mmoja alitoka nyuma ya jumba na bakora. Ndiye aliyekuwa akilitunza. Aliitwa Jaja Kagoya, binti wa mwisho wa yule mfalme, na alisema Kiswahili cha soko la Jinja, kisicho na haya. Aliwakaribisha vizuri. Rodah hakuweza hata kusalimia sawasawa.

"Mama, milango ya zamani iko wapi? Ya mbao?"

"Oo, ile? Wakati wafalme walipofutwa askari walikuja, wakaing'oa. Mingine walipikia chakula hapa hapa." Jaja Kagoya alionyesha uwanja kwa bakora.

Rodah alikaa kwenye ngazi pamoja na mbuzi. Chepngetich alikuja akasimama karibu naye, na afadhali angecheka. "Basi," alisema kwa sauti ya chini. "Jumapili ijayo si mbali. Nitakaa na wewe kiti cha mbele." Alikuwa anamhurumia, na huruma hiyo ilimkata Rodah maini.

Wengine walianza kurudi garini. Eucabeth alimshika Rodah mkono amwinue, na Rodah akainuka, lakini hakwenda kupanda. Alikwenda akavuta kibuyu chini ya kiti cha gari. Kilikuwa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha yaliyotiwa mkaa wa mti wa senetwet, kimevuka Busia kimefungwa kwa leso, na askari wa forodha alikinusa akakirudisha haraka.

"Rodah, unafanya nini?" Chepngetich alinong'ona. "Hii ni ikulu, si kwa shemeji yako. Hapa mtu analipa kiingilio anaenda. Hawa wataona umewaletea maziwa yameharibika!"

"Nimeingia boma la watu," Rodah alisema, machozi yakimtoka na ubishi umempanda. "Kwetu haturudi na maziwa tuliyoleta. Kama ni aibu, nimeshaizoea."

Akakitikisa kibuyu, akamimina kwenye kikombe, akampa yule bibi kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa mazito, ya rangi ya kijivu, yana chembe nyeusi. Akina mama wote walitazama pembeni kwa haya. Jaja Kagoya alitazama ndani ya kikombe kwa muda. Akanywa. Akaacha. Akanywa tena mpaka chini, na alipotoa kikombe mdomoni midomo ilikuwa na masizi.

"Lete hiyo," alisema.

"Nini, mama?"

"Hiyo chupa yako! Lete!"

Alimpokonya Rodah kibuyu, akakikumbatia kifuani, akaondoka. Bakora aliiacha kwenye ngazi. Usingedhani mguu ule mzee una mbio. Akazunguka jumba, akapita banda la kuku, na akina mama wa Litein nyuma yake wote, na Omollo nyuma ya akina mama, hakuna aliyejua wanakimbilia nini. Alisimama mbele ya jiko lake, kijumba cha matofali kilichojaa moshi.

Jiko lile lilikuwa na mlango wa mvule.

Mlango ulikuwa mweusi kwa moshi na mpana mno kwa jiko. Ukutani ilikuwa wazi kwamba tundu lilipanuliwa ili uingie. Kuanzia juu mpaka chini ulichongwa mstari wa vitu vyembamba shingoni na vinene chini. Jaja Kagoya alikiinua kibuyu cha Rodah akakiweka juu ya mchongo. Shingo kwa shingo, mfuniko kwa mfuniko, mpaka na ule ukanda wa ngozi wenye shanga.

"Mimi nawaambia wageni ni samaki!" bibi alipiga kelele. "Tangu nikiwa msichana! Sisi watu wa ziwa, tulijua ni samaki tu, tukasema huyu fundi hajui kuchonga mapezi. Kumbe ni chupa ya maziwa!" Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Alikuwa akinywa maziwa ya masizi chini ya mti pale, fundi wetu Mkenya. Mama yangu alitukataza tusiyaguse. Mimi nilikuwa nayaiba. Ladha hii, nyinyi! Askari walipokuja mama aliufunika mlango mmoja kwa majani ya ndizi, akasema huu hawaupati, kazi ya yule kijana haiwezi kupikia maharagwe. Nani wenu ni mtu wake?"

Rodah alikuwa ameshaweka viganja vyote viwili kwenye mbao. Alipapasa mstari mzima kwa vidole, kutoka juu mpaka chini, kisha akaweka na paji la uso. "Ni baba," alisema. Halafu akageuka akasema kwa sauti iliyowatawanya kuku, "Ni baba yangu! Ni kazi ya baba yangu!" Eucabeth ndiye aliyeanza vigelegele, kwa mtindo wa kwao, na wengine wakadakia kwa mtindo wa Kipsigis, na Jaja Kagoya akaongeza wa Kisoga. Rodah alicheka na kulia kwa pamoja. Alijisikia mrefu. Alijisikia angeweza kurudi Litein kwa miguu.

Lakini mgala muue na haki umpe. Chepngetich hakungoja Jumapili ijayo. Alitoa simu, akapiga nyumbani, akaweka sauti kubwa. Iliita sana kabla mzee hajapokea.

"Baba, ni mimi. Nimesimama mbele ya mlango wa Kipkosgei."

Walisikia ng'ombe akilia upande wa pili, kule mbali kwenye chai.

"Baba, umesikia?"

"Usukume," alisema mzee Kipkurui. "Alikuwa akijisifu kwamba mlango wake haulii. Usukume nisikie."

Chepngetich aliusogeza mlango kwa kiganja, simu ikiwa karibu na bawaba. Ulikwenda wote mpaka mwisho, ukarudi ukafunga. Kulikuwa na mlio mdogo wa mbao ikigusa fremu, basi.

"Haulii, baba."

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. "Tulitoka pamoja," alisema. "Mimi na Kipkosgei. Tulipofika Kisumu mimi niliogopa, nikarudi. Aliporudi na zile hadithi zake... ningefanya nini? Kama ni kweli, basi mimi ni nani? Yuko wapi huyo binti? Mpe simu."

Rodah aliipokea.

"Rodah," ilisema ile sauti nyembamba. "Ni Kipkurui. Nataka nikuambie..."

"Ngoja kidogo, mzee wangu." Rodah aliwaita wote kwa mkono, Eucabeth, Omollo, mama wa Hoima, mama wa choo, mpaka wakamzunguka pale mlangoni pamoja na Jaja Kagoya na kibuyu chake. Akainua simu juu. "Haya. Sasa sema, mzee, kwa nguvu. Tuko wengi."

"Babako alisema kweli," mzee Kipkurui alisema. "Mwongo nilikuwa mimi."

"Rudia, mzee," Rodah alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

Mzee akarudia.